Siku Moja ya Kubangua Baheda

Saa kumi na mbili asubuhi gunia la baheda, matunda ya dawa, linafunguliwa. Hapa Madhya Pradesh, katikati ya India, sisi tunaolifungua tunaitwa wasaga unga. Haya, uone huo unga unavyopatikana.

Mbaheda huota mwituni na hufika mita 30, kwa hiyo matunda huokotwa chini wakati wa baridi, pamoja na udongo na wadudu. Tunagonga moja kwa jiwe. Ganda likivunjika kwa mlio, limekauka. Likijipinda kama ngozi linarudi juani, maana unga wake utaota ukungu. Yenye vitobo tunatupa.

Kuosha na kuanika, kisha saa tatu tunakaa kubangua, na hapo ndipo mgongo unapolipa. Dawa ni ganda la nje tu. Kokwa ni ngumu kama kokoto (wacheza kamari wa Rigveda, kitabu cha kale cha tenzi za India, walizirusha kama dadu), na kiini chake kina mafuta. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inasema hulevya. Kokwa zote zitoke kabla ya mizani. Trifala, dawa ya matunda matatu, ni haritaki, baheda na amla kwa uzito sawa, ila ukipima matunda mazima umeshakosea, kwa sababu kokwa zao hazilingani.

Saa nane anafika mteja yule yule wa kila wiki. "Mbona ghali? Kule wanauza nusu bei!" Kule wanasaga na kokwa. Tunabana unga wa kule kwenye karatasi: doa la mafuta. Ukikaa kidogo utanuka mafuta yaliyochacha. Anatazama doa, anaomba punguzo. Hapati.

Sasa anauliza ya kikohozi. Gramu 3 za unga, kwa asali isiyopashwa moto. Au achemshe sehemu 1 ya ganda lililopondwa kwa maji sehemu 16, bila kifuniko, moto mdogo, mpaka ibaki moja ya nane ya maji hayo. Asali iingie yakipoa. Asitumie sufuria ya chuma, maji yatageuka meusi. Mke wake ni mjamzito? Basi huyo tusimuuzie. Na anayemeza dawa za sukari amuulize daktari wake kwanza. Anarudia maswali yote tangu mwanzo.

Baada ya hapo saa hatuzihesabu. Kusaga, kuchekecha kwa kitambaa, kitambaa kinaziba, kukung'uta, vumbi kali puani, kuchekecha tena. Chenga zinabaki kwa ajili ya kuchemsha; unga laini unaingia chupani, kifuniko kinakazwa usiku huo huo, kwani ukilala wazi unavuta unyevu.

Nusu ya gunia bado inajipinda. Kesho juani.