Kulehemu Garratt kwa transfoma ya maikrowevu

Garratt nambari 5918, Mount Gelai, injini ya mvuke yenye boila katikati ya seti mbili za magurudumu, imesimama kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Iko miongoni mwa injini 34 za daraja la 59 ambazo kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliziundia Reli ya Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956, kila moja ikabeba jina la mlima. Urefu wake unapita mita 31. Mfano wake mdogo ninaouunda mimi, kwa kipimo cha 1:87, una sentimita 36 na kidogo, na mwili wake wote ni bati la shaba njano.

Taabu ya shaba ni kwamba hupitisha joto upesi mno. Ukiweka pasi ya kulehemu kwenye kishikio cha tatu cha boila, cha kwanza kinaachia. Pasi kubwa inabomoa kazi ya jana, na ndogo haiyeyushi chochote. Ndiyo maana nikaunda mashine ya kulehemu kwa ukinzani: volti chache, ampea nyingi, zikipita kwenye ncha ya kaboni. Joto linazaliwa pale pale ncha inapogusa, lehemu inayeyuka upesi, na kishikio cha jirani hakina habari.

Transfoma nimeitoa kwenye maikrowevu iliyokufa. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kapasita ya maikrowevu, kile kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 2,000 hata plagi ikiwa imechomolewa, na umeme huo unaua. Kama hujawahi kuitoa chaji, mpelekee fundi anayejua. Magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi ya kupasha chakula, nayo iache nzima, kwa kuwa kauri ya baadhi yake ina oksidi ya berili, ambayo vumbi lake ni sumu.

Koili ya waya mwembamba, ile ya volti kubwa, nimeikata kwa msumeno wa chuma na kuing'oa, bila kugusa vanishi ya koili ya volti 240, ile inayopokea umeme wa ukutani. Pale palipobaki wazi nimepitisha kebo nene ya mashine ya kuchomelea. Kila mzunguko unatoa takriban volti moja. Kwa vitu vidogo natumia mizunguko miwili, kwa fremu mitatu. Vile vibamba vya chuma vilivyo kati ya koili nimeviacha, kwa sababu vinazuia ampea zisipande kupita kiasi. Chuma cha transfoma na kasha vyote vimeungwa na waya wa ethi, na fyuzi ipo.

Swichi ya mguu iko upande wa 240, ndani ya ganda lililofungwa kabisa. Kuna sababu: transfoma hizi hula umeme na kupata moto hata zikiwa hazifanyi kazi, kwa hiyo ni lazima zizime kila unapoinua mguu.

Kaboni inatoka kwenye mawe ya tochi makubwa ya aina ya zamani. Ya alkalini hayana kijiti hicho. Nimekichonga ncha kama penseli na kukibana kwenye kiunganishi cha shaba chenye skrubu, mpini ukiwa ule wa mbao wa tupa. Mara ya kwanza kijiti hutoa moshi kwa sababu kina nta ndani, basi kichomee nje.

Kwenye kazi yenyewe, mpangilio ndio kila kitu. Safisha shaba hadi ing'ae, paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu ishike), weka kipande kidogo cha lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40), kisha kandamiza kwa kaboni. Ndipo mguu ukanyage. Lehemu ikimeta na kutambaa, inua mguu, lakini mkono usiutoe. Ukiinua kaboni umeme ukiwa bado unapita, cheche itachimba shimo kwenye shaba.

Huko kuushikilia mkono ndiko kunanifurahisha kuliko joto lenyewe. Pasi ukiiondoa kipande kinacheza kabla lehemu haijaganda. Kaboni inabaki imekibana mpaka kigande, na mkanda wa boila unakaa mahali ulipopimwa.

Dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa lehemu hiyo ina risasi. Boila imekamilika. Wiki hii naingia kwenye tangi la mafuta la nyuma, ambako ngazi yake ina vipago vya waya wa nusu milimita.