Babu, Ni Kweli?

Masomo ya wiki: Ezra 3:10–13, Waebrania 11:13–16

Wapendwa, mwaka 1986 mama na binti yake kutoka Kentucky, Marekani, Naomi na Wynonna Judd, walitoa wimbo uliofika namba moja kwenye chati za muziki wa kantri nchini mwao: Grandpa (Tell Me 'Bout the Good Old Days). Mjukuu anamwomba babu amsimulie zamani. Ni kweli wapendanao walidumu? Mtu akiahidi, alitimiza? Familia ziliinamisha vichwa zikaomba pamoja? Akina baba hawakuondoka nyumbani? Wimbo unaisha babu hajajibu neno.

Wapenzi wa kantri (na Kenya tuko wengi, Kenny Rogers na Dolly Parton tumewafanya watu wa ukoo) wanajua kwamba wimbo wa aina hii ukipigwa mbele za watu, hausikiki kwa namna moja. Mmoja anafuta machozi. Anamwona baba yake akishukuru kwa chakula huku watoto wakichungulia sufuria kwa jicho moja. Mwingine ananyamaza, uso umebadilika. Ndoa zilidumu, ndiyo, lakini nyingine zilidumu kwa sababu mke hakuwa na pa kwenda.

Na huko huko Kentucky, sheria ya mwaka 1904 ilikataza watoto weusi na weupe kusoma pamoja. Chuo cha Berea, ambacho kilikuwa kikiwafundisha bila kuwatenga, kilipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1908 kikashindwa. Babu wa mwaka 1986 alikulia chini ya sheria hiyo. Mjukuu mweusi wa Kentucky akimwuliza babu yake habari za siku nzuri za zamani, ataambiwa mengine kabisa, na babu huyo hatakuwa anadanganya.

Kitabu cha Ezra kinalijua jambo hili. Hekalu la Sulemani lilikuwa limebomolewa mwaka 586 KK. Karibu miaka 50 baadaye, waliorudi kutoka Babeli wakaweka msingi mpya. Wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, na wengi wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu wakashindwa kutofautisha kelele za furaha na sauti ya kilio. Sauti ikasikika mbali. Ninachokipenda hapa ni kwamba Ezra haamui ugomvi. Hawaambii wazee wajikaze, wala hawakemei wenzao kwa kukosa adabu mbele ya wenye mvi. (Anayedhani haya ni ya Yerusalemu na Kentucky tu, akae kikao kimoja cha kamati ya kwaya siku inayojadiliwa kama tuimbe tenzi au nyimbo mpya.)

Mhubiri 7:10 inatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Onyo hilo tulipokee, ila tusiligeuze fimbo ya kuwachapia wazee. Nabii Hagai aliwauliza wazi: ni nani aliyebaki kwenu aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza? Hakuwaambia wanakumbuka vibaya. Aliwaambia wawe hodari, wafanye kazi.

Kuna jambo moja kuhusu wimbo ule ambalo limenifanya niusikilize upya. Wynonna, aliyeuliza kama ni kweli akina baba hawakuondoka, baba yake mzazi aliondoka kabla yeye hajazaliwa. Na alipourekodi hakuwa akilijua hilo. Alikua akiamini baba yake ni mwingine, na huyo naye aliachana na mama yake. Naomi akawalea mabinti wawili, akasomea uuguzi. Kwa hiyo sauti inayotutoa machozi tukikumbuka nyumba zetu ni ya mtu anayetamani kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Watu wa namna hii, kama Abrahamu na Sara, Waebrania 11 inawajua. Kama wangekuwa wanaikumbuka nchi waliyotoka, anasema mwandishi, wangepata nafasi ya kurejea. Lakini waliitamani iliyo bora, na ahadi za Mungu waliziona tokea mbali wakazishangilia. Basi machozi ya mtu akisikia wimbo wa zamani huenda hayahusu zamani hata kidogo. Huenda anaililia nyumba ambayo bado hajafika, na zamani ndiyo lugha pekee aliyo nayo ya kuisema.

Kwa vikundi vitakavyokutana nyumbani wiki hii: someni Ezra 3 kwa sauti, kisha mpeni mzee mmoja nafasi asimulie siku zake, na msimkatize. Akimaliza, mwulizeni kwa heshima ni kitu gani cha siku zile asingependa kirudi. Mpeni muda wa kujibu.