Babu wa Kidato cha Kwanza

Mwaka 2002 niliingia kidato cha kwanza katika skuli moja ya Chake Chake nikiwa nimevaa suruali ya buluu ambayo baba, fundi cherehani asiyependa kushona kitu kimoja mara mbili, aliikata kwa kipimo cha mtu niliyetarajiwa kuwa baada ya miaka mitatu. Kabla ya mapumziko ya siku ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuitwa Gunia. Aliyenibandika jina hilo alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Micheweni, mgeni mjini, ambaye kila siku yeye na wenzake walinipunguzia mihogo yangu ya kukaanga, kisha wakanifukuza kivulini, chini ya mkungu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na shauri lake. Baba alisema suruali haina kosa. Mama alinitaka nisubiri. Ami, ambaye sijapata kumwona akigombana hata na kuku, alinifundisha ngumi ukumbini mpaka tukaliangusha birika la chai, akanyamazishwa. Bibi peke yake aliuliza swali ambalo kwetu Pemba hutangulia mashauri yote: "Mtoto wa nani huyo?" Sikujua.

Mkutano wa wazazi uliitishwa katikati ya msimu wa karafuu. Baba alikuwa amefunga cherehani, yeye na mama wako shamba tangu alfajiri, kwa kuwa karafuu iliyopevuka haimsubiri mtu: ikichanua mtini, thamani yake hushuka. Kwa hiyo alikwenda bibi. Mkutano ulipokwisha alinikuta uwanjani nimezungukwa, akamwita yule kijana, akamuuliza jina la baba yake, la babu yake, na kisima walichokuwa wakiteka maji. Majibu yalipomtosha alimkumbatia, akalia kidogo, kisha akanigeukia mbele ya darasa zima.

"Huyu ni mtoto wa ami yangu. Kwangu mimi ni ndugu, kwako wewe ni babu. Mwamkie babu yako, umbusu mkono."

Niliubusu, nikasema, "Shikamoo, babu," kwa sauti niliyodhani ni ya chini. Naye, kwa kuwa alikuwa amelelewa vyema (hilo simnyimi), hakuweza kumnyima mkubwa haki yake mbele ya bibi, akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo wanafunzi wote, na mwalimu wa zamu pia, walimwita Babu, na jina la Gunia likakosa wa kulitumia.

Baadaye alinifuata faraghani, akaniomba nimsihi bibi aufute ujamaa huo. Nilimjibu kwamba nasaba haifutwi, na sikuficha furaha yangu.

Mwezi wa Desemba, siku ya Idi el-Fitri, bibi alinihimiza nimtafute Tibirinzi, kwenye viwanja vya sikukuu, nikadai haki ya mjukuu. Nilimkuta na wenzake. Nilimbusu mkono, nikaomba sikukuu yangu. Alinitazama kwa muda mrefu, akatia mkono mfukoni, akanipa sarafu ya shilingi 100, kisha akadai nimrejeshee chenji ya 50.