Aliyasimulia Mbele ya Nani?

Mwaka 2011 nilipangiwa kufundisha Kilwa Masoko, nikitokea Njombe, nikapewa Kiingereza cha Kidato cha Tatu, mikondo miwili. Wanafunzi wangu walikuwa wamesoma karibu kila somo kwa Kiswahili miaka saba ya msingi, kisha wakafika sekondari wakakuta historia, baiolojia na jiografia vyote vinafundishwa kwa Kiingereza. Nilipowapokea walikuwa na miaka miwili ndani ya lugha hiyo, na bado wengi walisoma kifungu kama mtu anayevuka matope ya mikokoni: mguu huu ukinasuka, ule unazama.

Kilichokuwa kikininyima usingizi ni lengo la mwandishi. Maswali ya nani, wapi na lini waliyaweza, kwa kutafuta sentensi yenye neno linalofanana na la kwenye swali na kuinakili. Lakini nikiuliza mwandishi ameandika haya ili iweje, darasa zima lilinipa jibu moja: "To educate the society." Niliwasomesha tangazo la mikopo, mwandishi anaelimisha jamii. Niliwasomesha barua ya msomaji wa gazeti anayelalamikia nauli, naye anaelimisha jamii. Jibu hilo walilichukua kutoka kwenye kipindi cha Kiswahili, ambako dhima za fasihi hukaririwa kwa mpangilio, kuelimisha, kuburudisha, kuonya jamii, na wao walikuwa wameligeuza lugha tu. Nikajaribu kuwasaidia kwa kuandika ubaoni makusudi matatu: kushawishi, kuarifu, kuburudisha. Waliyakariri usiku mmoja. Kesho yake wakawa wanabahatisha kati ya matatu.

Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Mtu anayefungua kamusi kila mstari hana nafasi ya kujiuliza aliyeandika anamtaka nini. Isitoshe, maandishi yale yalitoka mbali, yakiwa yamepigwa chapa, na wao walikuwa wamelelewa kuamini kwamba kilichopigwa chapa hakihojiwi.

Mwezi wa sita, mwalimu wa Historia akaniazima kitabu kilichokuwa na tafsiri ya Kiingereza ya masimulizi ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331. Kisiwa alichokiona, Kilwa Kisiwani, kinaonekana ukisimama gatini Masoko. Ni kuvuka mkondo tu kwa mashua. Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wakivuka hapo kila asubuhi, wameshika viatu mkononi. Usiku ule nilinakili aya tatu kwenye manila mbili kwa maka peni nyeusi, na Jumanne, kwenye vipindi viwili vya baada ya mapumziko, nikazibandika ukutani kwa selotepu.

Tulianza na mji. Msafiri anasema ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote duniani, na kwamba mapaa yake yamejengwa kwa miti ya mikoko. Nilianza kuwachorea mkoko ubaoni, na kabla sijamaliza mizizi, kijana mmoja akasema, "Boriti hizo, madamu. Hata kwetu zipo." Ndipo nilipoona vichwa vikiinuka. Halafu likaja jina la sifa la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye jumba la Husuni Kubwa linanasibishwa naye: Abu'l-Mawahib. Waliosoma chuo cha Kurani walilitafsiri kabla yangu. Baba wa hiba, yaani wa zawadi. Neno hiba wanalijua tangu utotoni. Mimi mtu wa bara ndiye niliyeelezwa.

Kisha kikaja kisa chenyewe. Fakiri mmoja wa Yemen anamsimamisha sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, anamwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia ndani, anabadili, anampa. Watu wanamsifu sana. Mtoto wa sultani anazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Baba akisikia jinsi watu walivyolifurahia jambo lile, anaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mwishoni msafiri anaeleza kwamba sultani huyo alipofariki, ndugu yake Daud akashika nafasi, naye alikuwa kinyume chake: akijiwa na mwombaji anamwambia aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutoa.

Nikauliza: mwandishi ana lengo gani? Mkono wa kwanza ukainuka. "To educate the society."

Niliweka chaki chini. Ukutani, nje ya dirisha, kulikuwa na kibao kinachokataza kuongea lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Nikawaambia, "Semeni kwa Kiswahili."

Walitazamana. Pakapita kimya kirefu, na nusura nijute. Halafu binti mmoja wa Kisiwani, msichana ambaye kwa Kiingereza sikuwahi kumsikia akivuka maneno manne, akauliza bila kusimama, "Madamu, kwani haya aliyasimulia mbele ya nani?"

Swali hilo halikuwemo kwenye andalio langu la somo. Lakini jibu nilikuwa nimelisoma kwenye utangulizi wa kitabu, nikawaeleza: alisimulia aliporudi kwao Morocco, kwa amri ya Sultani Abu Inan, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy ndiye aliyeandika, kazi ikakamilika mwaka 1355. Miaka 24 baada ya kuiona Kilwa. Na katika miaka yote ya safari, riziki yake ilitoka kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wafalme waliomkaribisha.

"Basi ni kama kanga," akasema yule binti.

Jirani yake akamuuliza kanga inaingiaje hapo.

"Si lile jina lililoandikwa kwenye kanga! Mtu hanunui tu kwa kuwa jina ni zuri. Anaiweka, anaivaa siku atakayopita mlangoni kwa fulani. Wewe ukilisoma jina na hujui anapita kwa nani, bado hujalisoma."

Wakacheka wote, kile kicheko cha watu waliotambua kitu cha nyumbani kwao. Hakuna mtoto wa Pwani asiyejua kanga ya kumsemea jirani. Kuanzia hapo sikuongoza tena, niliwafuata.

"Ndiyo maana akamleta na Daud," akasema mvulana wa nyuma. "Anamwambia sultani wa kwao kwa fumbo. Ukitoa, utasifiwa mpaka na watu wasiokujua. Ukinyima, na wewe utasimuliwa hivihivi."

"Mbona unamsingizia mgeni wa watu?" mwingine akampinga. "Labda aliyaona kweli."

"Daud alimwonaje? Alipokuja yeye, Hasan alikuwa hai!"

Wawili wakainuka bila ruhusa, wakaenda kwenye manila, wakaweka kidole kwenye mstari. Ndiyo, inasema alipofariki. Kwa hiyo habari za Daud alizisikia baadaye. "Amesikia," yule binti akamaliza, "halafu akachagua kusema." Nilikuwa nimetumia miezi mitano kuwatafutia tendo hilo moja, kuchagua, na sasa lilikuwa limesemwa na mtoto anayekaa dawati la tatu.

Nilidhani tumefika. Lakini kulikuwa na kijana mmoja mpole, asiyependa kutazamwa, na yeye alikuwa bado anaisoma aya ya kati. "Na hao watumwa?" akauliza. "Kumi, halafu kumi tena. Wamewekwa pamoja na pembe. Mbona hasemi wametoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kilwa Kivinje haiko mbali na pale, na katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ambao ni karibu na kwetu kuliko na kwao. Nilisimama mbele ya watoto wa Pwani nikiwa binti wa bara, nikakosa la kusema kwa muda. Nikamjibu kwamba mara nyingine lengo la mwandishi huonekana kwenye vile anavyopita bila kusimama. Ni jibu dogo kwa swali lile, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Mwalimu wa taaluma alikuwa dirishani. Sijui alifika saa ngapi. Kengele ilipolia aliniita pembeni, akanikumbusha utaratibu, kisha akasema kwa upole jambo ambalo sikuweza kulipinga: "Mwalimu, pepa haitawauliza kwa Kiswahili." Nikamwomba kitu kimoja. Aniachie dakika 15 za mwanzo wafikiri kwa lugha yao, zilizobaki waandike kwa Kiingereza, na madaftari aje ayaone mwenyewe. Alinyamaza kidogo. "Niletee Alhamisi," akasema.

Jumatano wakaandika. Jioni nilikaa barazani na rundo la madaftari, na la yule binti wa Kisiwani lilikuwa la nne au la tano. Alikuwa ameandika: "He want the king of his home to give like the king of Kilwa." Anataka mfalme wa kwao atoe kama mfalme wa Kilwa. Herufi moja imekosekana kwenye kitenzi, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeshafika juu yake. Niliiongeza ile herufi kwa udogo, pembeni, nikampa alama zote za swali. Katika daftari zote za mkondo ule, lile jibu la kuelimisha jamii nililikuta mara tatu tu.

Daftari la yule kijana mpole lilikuwa la mwisho, kwa kuwa alichelewa kukusanya. Swali langu alilijibu kwa sentensi mbili. Chini yake aliruka mstari, akaandika la kwake kwa Kiingereza cha kutafuta neno kwa neno, lenye kufutwafutwa: kwa nini msafiri hakuwauliza majina.

Alhamisi nilifika darasani kabla ya kengele, nikaliandika ubaoni swali lake kama lilivyo.