Tiketi ya treni India: nililipia kiti ambacho hakipo

Wiki moja kabla hatujaondoka dada yangu mkubwa alisema "treni tutakata tukifika huko, India treni ziko kibao" na mimi kwa sababu ni dada nikanyamaza. Treni ziko kibao kweli. Nafasi ndo hakuna.

Kitu ambacho laiti ningekijua mapema ni kwamba tangu Novemba 2024 wenyeji wanaruhusiwa kukata tiketi siku 60 tu kabla ya safari, zamani ilikuwa 120, lakini mgeni mwenye pasipoti kuna mgao wake maalumu wa watalii na huo unaweza kuukata hadi siku 365 kabla. Mwaka mzima! Nami nilikuwa nyumbani nimekaa naangalia picha za Varanasi, mji tuliotaka kwenda. Mgao huo hauko kwenye kila treni wala kila daraja, ila ukiuwahi unalala usingizi.

Basi tumefika Delhi, Desemba, tunataka kwenda Varanasi baada ya siku tano. Akaunti ya kukatia tiketi nilishaifungua kwa namba yangu ya nje na barua pepe, meseji ya kuthibitisha ikagoma kuja siku ya kwanza ikaja ya pili, sawa. Nikachagua 3A, yaani behewa la kiyoyozi lenye vitanda vitatu vitatu kwenda juu, nikalipa kwa kadi, hela ikakatwa, tiketi ikaja na PNR yake, yaani namba ya kumbukumbu ya tarakimu kumi, na majina yetu wote wawili. Nikamwambia dada tayari.

Jioni nikamwonesha kijana wa mapokezi hotelini, akacheka kwanza. Akaweka kidole pale palipoandikwa GNWL 31 na GNWL 32 akasema hii siyo tiketi, ni foleni. Yaani India unauziwa nafasi kwenye foleni! WL ni orodha ya kusubiri, watu wenye vitanda wakighairi nyie mnasogea, na mkishindwa kusogea mpaka chati inatoka, ile orodha ya mwisho ya nani amepata kitanda gani, tiketi ya mtandaoni inajifuta yenyewe na hela inarudishwa wakikata kidogo. Ukiona namba mbili, mfano GNWL 31/WL 18, ya kwanza ndo uliyoanzia na ya pili ndo uliko sasa hivi. Na foleni zenyewe hazilingani, hiyo GNWL ya treni inapoanzia ndiyo inayosogea vizuri, PQWL na RLWL, ambazo mara nyingi ni za stesheni za njiani, zinasogea kwa kujikongoja. Akanifundisha hayo yote kwa dakika kumi, mimi nilikuwa nimekaa mtandaoni siku mbili.

Nikauliza habari ya Tatkal, ile tiketi ya dharura inayofunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi kwa mabehewa ya kiyoyozi na saa tano kwa yasiyo na kiyoyozi. Akatikisa kichwa. Tangu Julai 2025 kuikata mtandaoni lazima akaunti iwe imethibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho chao, na sie tutaitoa wapi. Akasema nendeni stesheni ya New Delhi, kuna ofisi ya watalii ghorofa ya kwanza upande wa Paharganj, bebeni pasipoti, na mtu yeyote akiwaambia imefungwa msimsikilize.

Hatujafika hata ngazini, jamaa mmoja nadhifu kabisa, tai shingoni, "ofisi imehamishwa dada, inakarabatiwa, njooni niwapeleke." Dada akaanza kumfuata!! Nikamvuta mkono. Tukapanda juu na ofisi ile pale, wazi, watu wamekaa wanajaza fomu. Ya kwenda wakasema mgao umeisha tarehe yetu, ya kurudi ipo ila siyo kutoka Varanasi Junction, inatokea Deen Dayal Upadhyaya, stesheni ambayo mpaka 2018 iliitwa Mughalsarai na wenyeji wengi bado wanaiita hivohivo, iko ng'ambo ya mto Ganges. Tukachukua. Hili la stesheni liangalieni sana maana mji mmoja una stesheni nne tano na majina hayafanani, Delhi tu kuna New Delhi, Old Delhi, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar, ukienda siyo ndo basi tena.

Ya kwenda tukabaki na foleni yetu. WL 18. WL 9. WL 4. Nilikuwa naiangalia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Siku ya safari chati ikatoka, RAC. Hapa ujue unaruhusiwa kupanda, ila kitanda kimoja cha pembeni watu wawili, mchana mnakikalia kama viti viwili na usiku mtajua wenyewe. Mimi na dada tukalala mzungu wa nne kama utotoni, miguu yake puani kwangu, usiku kucha ananiuliza kama nimesogea. Mkagua tiketi akapita akasema kuna kitanda cha juu kimebaki wazi behewa lingine, mmoja ahamie. Dada akasema hawezi kupanda ngazi, nikaenda mimi, na sitaki kudanganya nililala kama mtoto.

Sasa kurudi. Tiketi ya ofisini, CNF kabisa, yaani imethibitishwa, kitanda kila mtu chake, hakuna wasiwasi. Imeandikwa tarehe 19, saa 00:25. Tarehe 18 saa mbili usiku tunakula zetu taratibu, dada anapanga kesho tukapande mashua asubuhi, mi nikaitoa ile tiketi niangalie namba ya behewa nikaganda. 00:25 ya tarehe 19 ni usiku WA KUAMKIA tarehe 19. Ni leo! Siyo kesho usiku! Kiswahili chetu kina neno kamili la jambo hili na bado nilikosea kwa sababu nilisoma tarakimu tu.

Ilikuwa vurugu. Nguo zimeanikwa mbichi zikaingia begi hivohivo, chakula tukaacha, bajaji, daraja la mto Ganges limejaa magari, dada anasali kwa sauti, dereva anaendesha kama naye ana treni. Tukafika saa tano na nusu usiku, tunakimbia na mabegi mpaka kwenye ubao wa matangazo.

Ukungu. Desemba na Januari kaskazini mwa India ukungu unachelewesha kila kitu. Treni yetu, saa nne nyuma ya ratiba.

Dada akakalia begi, akaniangalia, akasema "si ungeniacha nimalize kula."