Punje ya uwele katikati ya Uwanja wa Jamhuri

Jana jioni nilikuwa na mtoto wa dada, yuko kidato cha pili hapa Dodoma, anajiandaa na mtihani wa kemia. Protoni chaji chanya, elektroni chaji hasi, nyutroni haina chaji, protoni na nyutroni ziko kwenye kiini, katikati ya atomi: yote kayakariri. Ila akauliza, "Mjomba, hicho kiini kina ukubwa gani?"

Nikamwambia aweke punje ya uwele katikati ya Uwanja wa Jamhuri. Punje ndiyo kiini. Elektroni ziko mpaka kule majukwaani. Na karibu uzito wote wa atomi umo kwenye punje, maana protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Mwanafizikia Rutherford alikitambua kiini mwaka 1911, mwenzake Chadwick akagundua nyutroni 1932.

Akagonga jiwe tulilokalia. "Sasa kama atomi karibu yote ni tupu, mbona mkono haupiti?" Swali zuri mno! Elektroni za mkono na za jiwe zinasukumana, hiyo ni sehemu ya jibu. Nyingine atakutana nayo chuoni.

Leo asubuhi katuma ujumbe kwa simu ya mama yake: kwa nini protoni zenyewe hazisukumani zikatawanyika? Zinasukumana, mwanangu, lakini kuna nguvu ya kiini inayozishika, kali kuliko huo msukumano, ila ya umbali mfupi sana. Nimefurahi kupita kiasi.