Saa 24 za mitego: siku yangu moja karibu na Syracuse

Saa 10:30 alfajiri. Nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri, na mimi mtoto wa Kigoma natafuta soksi za pili. Kulala haiwezekani: Kanda ya Kusini ya jimbo la New York inataka kila mtego wa wanyama ukaguliwe walau mara moja ndani ya saa 24. Wenzetu wa kaskazini milimani wana saa 48. Nawaonea wivu, sifichi.

Saa 12:15. Niko shambani kwa mzee mmoja aliyenipa ruhusa ya kutega kwake. Biva, wanyama wa majini wanaojenga mabwawa kwa miti na matope, wameziba kalavati, maji yanamwagika barabarani. Napasua barafu kwa mtaimbo. Bwawa lao lenyewe siligusi, ijapokuwa ndilo linalomkera mzee. Kulibomoa bila kibali ni kosa.

Mtego wa kwanza mtupu. Wa pili, wa aina iitwayo namba 330, unaombana mnyama mwilini, una biva wa kilo 20 hivi. Mtego huu una upana wa inchi 10, na huwekwa majini tu, msimu wa biva ukiwa wazi. Nchi kavu mwisho ni inchi 7.5, maana mbwa wa jirani akichomeka kichwa humo hatoki mzima.

Kinachoninyima raha ni fisi maji. Hapa msimu wake umefungwa, na yeye hupita njia zilezile za biva. Kwa hiyo kifyatuo nakisogeza pembeni: biva kwa upana wake atakigusa, fisi maji mwembamba ana nafasi ya kupenya.

Saa 1:40. Mtego wa nne hauna kibati cha jina na anwani, waya umekatika. Afisa wa uhifadhi akiukuta hivi, leseni yangu na kozi niliyosoma havinisaidii. Navua glavu, nafunga kibati kingine. Vidole vinakufa ganzi.

Saa 2. Kigoma ni saa 10 jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado unahangaika na mapanya?"

"Leo biva, mama."

"Huyo naye si panya?"

Sikuwa na jibu. Ni jamii ya panya kweli.

Saa 9 alasiri nachuna. Ngozi ya biva hupasuliwa tumboni na kuwambwa duara kwa misumari. Haraka hapa ni hasara.

Saa 11 jioni naingia zamu ghalani hadi saa 5 usiku. Simu nimeitega iniamshe saa 10:15. Saa 12:15 niwe kwenye kalavati.